TAHADHARI: "Chakula freshi" cha mbwa kinachouzwa kwa kilo hapa Arusha

Wenye mbwa kuanzia Sakina, Njiro, Moshono mpaka Usa River, someni hii kabla hamjatuma hela. Kuna muuzaji anatangaza mtandaoni chakula freshi cha mbwa. Unalipa kwa simu, bodaboda anakuletea mifuko ya kilo moja moja iliyogandishwa, yenye karatasi ya kijani. Jina silitaji, na hata nikilitaja halitawasaidia, maana tangu nianze kulalamika ukurasa wake umeshabadilishwa jina mara mbili.

Karatasi inasema nyama ya ng'ombe 80%, ini, karoti, mchicha, "hakuna nafaka". Bei 5,000 kwa kilo. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka, kwa sababu nyama buchani nainunua kwa zaidi ya mara mbili ya hiyo, tena mbichi, hajaichemsha mtu wala kuifungasha. Ila urahisi ulinipofusha. Na Bosi wangu, mbwa wa miezi saba, alikuwa anakifakamia mpaka anasukuma bakuli hadi getini.

Wiki ya pili akaanza kulala mchana kutwa. Gari linapiga honi getini, hanyanyuki. Nikamfunua mdomo, ufizi umepauka. Mkojo wake kwenye sementi ulikuwa kama chai ya rangi. Daktari wa mifugo alipofika aliuliza kwanza, "Anakula nini?" Nikamtolea mfuko. Akasubiri uyeyuke kidogo, akanusa, kisha akaniambia na mimi ninuse. Kitunguu! Kwenye karatasi hakimo.

Kitunguu kwetu ni kiungo, kwa mbwa ni sumu. Kinaharibu chembe nyekundu za damu, na kukipika hakukifanyi kuwa salama. Kitunguu saumu ni hivyo hivyo. Madhara yanaweza kuchelewa siku kadhaa, ndiyo maana mtu hashuku bakuli. Nahisi jamaa anasagia humo makombo ya hotelini, ila hilo ni la kuhisi tu.

Jioni jirani yangu, mwalimu wa baiolojia, akanikumbusha kipimo cha wanga tulichofanya sekondari. Tukalegeza kijiko kimoja cha kile chakula kwa maji, tukadondoshea iodini ya kidonda, ile ya duka la dawa. Kikawa bluu-nyeusi pale pale, yaani wanga umo. Tukafanya hivyo hivyo kwa kipande cha nyama yangu ya mboga, rangi ikabaki ya kahawia. Basi tukamwaga mfuko mzima kwenye chujio na kuusuuza: pumba za mahindi, mapupu, na vipande vya mifupa ya kuku iliyopikwa, vyenye ncha kali. Mfupa uliopikwa ukivunjika unaweza kutoboa utumbo wa mbwa.

Mnielewe, mahindi si kosa. Mbwa wetu wamekula ugali wa dona na dagaa miaka nenda rudi. Kosa ni kuniuzia pumba kwa bei na jina la nyama. Tena pumba zikiota ukungu zinaweza kuwa na sumukuvu, na mbwa ni dhaifu sana kwa sumukuvu.

Halafu kuna hii "protini 45%" iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Chakula kibichi au cha kuchemsha kama hiki kwa kawaida kina maji karibu 70%. Vitu vikavu vyote vinabaki 30%. Hiyo 45% imekaa wapi? Labda angesema amehesabu baada ya kutoa maji, ila nilipomuuliza alinijibu "ni ya kisayansi dada". Viwango vya AAFCO, chama cha maofisa wanaosimamia vyakula vya mifugo huko Marekani, vinataka protini isiyopungua 18% kwa mbwa mzima na 22.5% kwa anayekua, maji yakiwa yametolewa kwenye hesabu. Kwa hiyo hata mfuko ulioandikwa 10%, ukiwa na maji 70%, unafika 33% na ni mzuri tu. Tarakimu kubwa isiwababaishe.

Swali lililomfanya aniblock lilikuwa la kalsiamu. Nilimuuliza inatoka wapi, akasema nyama ina kila kitu. Haina. Nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kiduchu, na mbwa anayekua akilishwa nyama tupu mwili unachota kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe, miguu inapinda. Muuzaji anayejua kazi yake atakutajia bila kujikanyaga: unga wa mifupa, ganda la yai lililosagwa, au dagaa.

Anauza pia mifuko ya "mbichi", mapupu na maini. Hiyo msiiguse kabisa. Mapupu na maini yenye malengelenge ndiyo yanayompa mbwa tegu (mnyoo bapa wa tumboni), na mayai ya tegu huyo yakimwingia mtu yanaota uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu. Wenye watoto wanaocheza na mbwa uani, hili ni lenu zaidi.

Bosi ameanza kunyanyuka, ufizi unarudi rangi. Kama una mfuko wa karatasi ya kijani, acha kumlishia, uuache kwenye friza bila kuufungua, na umwangalie mbwa ufizi na mkojo wiki hii nzima. Mimi yangu minne iliyobaki naipeleka kwa afisa mifugo wa kata Jumatatu asubuhi. Mwenye mfuko na risiti ya muamala aje nao, tuwe wengi.