Bekapu za Windows kwenda seva ya Linux: SMB au rsync?

Asubuhi unafungua logi ya bekapu, unakuta NT_STATUS_LOGON_FAILURE, yaani kuingia kumekataliwa. Kama seva yako huvuta faili kwa SMB, itifaki ya Windows ya kushiriki folda mtandaoni, mara nyingi kosa ni nywila: mhasibu kabadilisha yake, seva bado inabisha hodi na ile ya zamani. Ndiyo maana mimi hufungua akaunti ya bekapu peke yake. SMB hupitia poti 445, na Windows ikiuhesabu mtandao kuwa wa umma, fayawoli huifunga kimya kimya. Seva kuukuu za Linux nazo hung'ang'ania SMB1, toleo la kale la SMB ambalo Windows 10 iliacha kuliwasha yenyewe tangu toleo la 1709 la mwaka 2017. Ongeza vers=3.0 kwenye amri ya mount inayounganisha seva na folda ya Windows, yaishe.

Rsync, programu ya kunakili faili, ikipitia SSH (muunganisho uliosimbwa) hutumia poti 22 na hutuma sehemu zilizobadilika tu. Laini ikikatika katikati ya faili ya GB 8, chaguo la --partial hukuokoa usianze upya. Ila Windows haiji na rsync. Utaiweka kwa Cygwin, kifurushi cha zana za Linux kwa Windows, kisha upambane na ruhusa za faili. Kwa kompyuta tatu za ofisi moja, sioni faida ya usumbufu huo. Kwa tawi la mbali, naiona.

Outlook ikiachwa wazi, zote mbili hukwama kwenye faili ya PST, ile inayohifadhi barua pepe: SMB hulalamika NT_STATUS_SHARING_VIOLATION (faili inatumiwa na programu nyingine), rsync humaliza na msimbo wa kosa 23 (baadhi ya faili hazikunakiliwa). Piga kwanza picha ya diski kwa VSS, huduma ya Windows ya kunakili hata faili zilizo wazi, au mwombe mhasibu afunge Outlook kabla ya kuondoka. La pili ndilo gumu.