Miaka 11 ndani ya 501

Swali ninaloulizwa zaidi hapa kibarazani ni hili: "Fundi, wewe unashona suruali, mbona kila siku umevaa jinzi ya kununua?" Nawajibu kwamba 501, jinzi ya kampuni ya Levi's, siwezi kuishona. Kukata naweza, ila kitambaa chake sikipati mjini, na hata nikikipata, cherehani yangu ya kukanyaga itaomba poo kabla hatujafika kwenye msamba.

Kazi yangu iko Moshi, si mbali na stendi ya mabasi. Zaidi ya nusu ya ninachopokea kwa wiki ni jinzi: kupunguza urefu, kubana miguu, kubadilisha zipu, kuziba palipotoboka. Za kwangu mimi ni Levi's 501 tangu 2014. Nimenunua saba, zote za mtumba isipokuwa moja, na hiyo moja nitaifikia. Nne bado ziko kwenye mzunguko.

Ya kwanza niliipata Memorial. Kwa msioujua mji wetu, Memorial ndilo soko la mitumba, na belo la jinzi likifunguliwa asubuhi utadhani watu wanagombana. Nilitoa shilingi 18,000, na mke wangu akaninunia siku mbili, maana kwa hela ile ungepata suruali mbili na mkanda. Sikufuata jina. Niliigeuza ndani nje, ndiyo salamu yangu kwa kila nguo, nikaangalia ule mshono wa nyuma unaopita katikati ya makalio. Umekunjwa mara mbili, kingo zote zimefichwa ndani, juu zimepita nyuzi mbili sambamba kama reli. Suruali nyingi ninazoletewa, sehemu hiyo imepigwa ovaloki tu na mshono mmoja juu yake, na ndiyo maana mtu anainama kwenye harusi halafu Jumatatu ananiletea mimi. Lebo ya ndani ilisema imeshonwa Lesotho. Imetoka Afrika ikaenda kuvaliwa huko ilikovaliwa, ikarudi Afrika kwenye belo, na bado ilikuwa na nguvu kuliko mimi.

Halafu haina zipu. 501 hufungwa kwa vifungo vya chuma, na kwa fundi hiyo ni habari njema, kwa kuwa zipu ndiyo ugonjwa namba moja wa suruali. Ninabadilisha zipu mpaka vidole vinauma. Hasara ya vifungo utaijua ukiwa safarini: basi la Dar limesimama kuchimba dawa, konda anapiga bodi, wenzako wamesharudi kwenye viti, wewe bado unahangaika na kifungo cha tatu. Jifunze kuanza kufungua ukiwa bado unashuka ngazi.

Kuna jambo kuhusu jinzi hizi ambalo nikiwaambia mafundi wenzangu hawaamini. Aliyezibuni alikuwa fundi cherehani kama sisi. Jina lake Jacob Davis, alikuwa Reno, Nevada, akishona mahema na mablanketi ya farasi. Mke wa kibarua mmoja alikwenda kwake akitaka suruali ya mumewe isiyochanika mifuko, naye Davis akachukua riveti za shaba alizokuwa akizitumia kwenye yale mablanketi, akazigonga kwenye kona za mifuko. Suruali ikawa haichaniki, watu wakajaa dukani. Hela ya kulipia hataza, yaani hati ya kumiliki ubunifu wake, hakuwa nayo, akamwandikia mfanyabiashara wa San Francisco aliyekuwa akimuuzia kitambaa. Huyo ndiye Levi Strauss. Hataza ilitoka tarehe 20 Mei 1873, ikiwa ya wote wawili, lakini angalia nyuma ya suruali yako uone jina lililobaki. Fundi kabuni, mwenye kitambaa kaandikwa. Nami kila nikidaiwa na muuza vitambaa wangu namkumbuka Davis.

Sasa kuvaa. Kitambaa ni kizito, na wiki ya kwanza kinakushika kama buti mpya. Kiangazi cha Januari hapa Moshi, saa nane mchana, utajilaumu. Masika ni shida ya namna nyingine: ukifua Ijumaa, Jumapili asubuhi kiunoni bado pana unyevu na kanisani unakwenda na kadeti. Baada ya miezi kadhaa lakini, suruali inakuwa yako kweli. Uzi unaosimama umetiwa rangi ya nili juu juu tu, katikati ni mweupe, na uzi unaolala ni mweupe wote. Kwa hiyo kila unapokunja goti, kila unapoingiza simu mfukoni, rangi ya juu inalika na weupe unachungulia. Mimi nina alama paja la kulia, umbo la mkasi mtupu, kwa sababu mkasi wangu unakaa mfuko huo huo kila siku. Mtu akiniibia suruali ile nitaitambua hata ikiwa imeanikwa Himo.

Kwenye kufua, mwaka 2014 aliyekuwa mkuu wa kampuni, Chip Bergh, aliwashangaza watu aliposema jinzi aliyovaa ilikuwa na kama mwaka mzima na haijawahi kuingia kwenye mashine ya kufulia. Zangu pia hazijawahi kuingia kwenye mashine ya kufulia; sina. Ila ushauri wa kutofua, na vumbi la mtaani Pasua hili, hapana. Ninachofanya ni kugeuza ndani nje, maji ya baridi, sabuni kidogo, bila brashi, kisha naanika kivulini. Dada anayenisaidia nyumbani aliwahi kuisugua moja kwa brashi ya viatu, kwa nia njema kabisa, na mapaja yakatoka kama ramani. Sikusema kitu. Ninaivaa kwenye kazi za kupaka rangi.

Ya pili kwa umri ilitoboka msamba baada ya miaka minne. Simlaumu mtu, nina pikipiki na kiti chake kimechanika. Nikaweka kiraka kwa ndani, kitambaa cha jinzi ya zamani iliyokwisha kufuliwa sana, maana kipya kitasinyaa na kuvuta, kisha nikapita juu kwa zigizaga za karibu karibu nikifuata mistari ya kitambaa. Ukikaa nami meza moja hutakiona. Imedunda miaka mingine mitatu. Hapo ndipo ninapoipendea: pamba tupu inakubali kutibiwa. Suruali zenye mpira mpira zikishalegea hazina dawa, kila ukishona panapona hapa panachanika pembeni. Siku hizi hata 501 zipo zenye mpira kidogo, kwa hiyo soma lebo ya ndani kabla ya kutoa hela. Kama wewe ni mtu wa modo za kubana, hiyo ndiyo itakufaa, na mimi sikukatazi.

Kuhusu urefu, nyingi zinazokuja na mitumba ni za watu warefu, utazipunguza tu. Mwambie fundi wako asifute pindo la asili. Lile pindo lina mikunjo yake iliyopauka kama kamba iliyosokotwa, huwezi kuliiga kwa pasi. Tunakata juu yake, tunaondoa kipande cha katikati, tunalirudisha pindo lile lile. Pale mishono minne inapokutana, mimi kwanza nagonga kwa nyundo palainike, naweka sindano namba 18, halafu nazungusha gurudumu kwa mkono, tundu kwa tundu. Fundi akikanyaga tu kwa mbio pale, sindano inakatika na kipande kinaruka usoni. Nalipisha 4,000 na watu wananung'unika.

Hiyo moja isiyo ya mtumba, sasa. Desemba ya mwaka juzi nilipeleka mzigo wa sare za shule Arusha, nikalipwa vizuri. Nikajiambia, mzee, leo na wewe vaa ya spesho. Kuna duka nililiingia mjini pale, kioo mpaka chini, mdoli mlangoni, feni ya baridi inapuliza. Kijana akanikaribisha, "Karibu bosi, hizi OG, mzigo umeingia jana." Bei 130,000, tukashushana mpaka 110,000. Gari la Moshi la mwisho mwisho lilikuwa linaita, duka lina wateja wa heshima, nikaona aibu kuanza kugeuza suruali ndani nje mbele ya watu. Mimi! Fundi!

Nyumbani niliigeuza. Nyuma ya kifungo cha juu, mahali ambapo 501 halisi huwa na namba iliyogongwa kwenye chuma, palikuwa laini kama kisahani. Nikakwangua riveti kwa ukucha, shaba ikatoka kama rangi ya kucha na chini yake chuma cheupe. Lebo ilisema pamba 100%. Nikachomoa uzi mmoja kwenye pindo, nikauwasha kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi, inanuka karatasi, inabaki jivu jepesi. Uzi ule ulijikunja, ukanuka plastiki, ukaacha kijidonge cheusi kigumu nilichoweza kukiviringisha kwa vidole. Mke wangu akauliza, "Baba, unaunguza nini usiku huu?" Nikamwambia uzi tu. Bei sikumtajia mpaka leo.

Nilirudi baada ya wiki mbili. Kijana yule yule, safari hii hakuniita bosi. Akanyoosha kidole kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya droo ya hela: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Risiti alikuwa hajanipa na mimi sikuwa nimeidai, kwa hiyo hata pa kushikia sikuwa napo. Suruali ile ilimwaga rangi kwenye kiti cha pikipiki, ikafumuka kiunoni mwezi wa tatu. Nikaikata ili niitumie kufutia mafuta ya cherehani, na hata mafuta haifyonzi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kile kilebo chekundu cha mfuko wa nyuma kilikuwa kizuri kabisa. Jina limefumwa, herufi zimenyooka. Kilebo hicho kipo kwenye jinzi hizi tangu 1936, na wenye kughushi wanajua mteja anatazama hapo na hapo tu. Kumbe kampuni yenyewe hutoa baadhi ya vilebo bila jina, ni ile alama ya R ndani ya duara peke yake, kwa sababu za kisheria za kulinda nembo: wanataka kilebo chenyewe kiwe mali yao hata pasipo neno. Wengi hawalijui hilo.

Mama mmoja wa Memorial ninayenunua kwake naye alikuwa halijui. Mwaka jana nilimkuta ametenga 501 moja pembeni, safi, kitambaa kizito, haijapauka hata magoti.

"Shikamoo mama. Hii vipi imekaa huku peke yake?"

"Marahaba fundi. Hiyo kilebo chake hakina jina, wateja wanasema feki. Nipe elfu saba uniondolee."

Nikageuza ndani nje. Mshono wa makalio, nyuzi mbili, reli. Namba nyuma ya kifungo ipo. Nilitoa elfu saba, nikaikunja, nikaiweka kwenye mfuko. Hatua kumi mbele, dhamira ikanirudisha. Nikamweleza mama habari ya vile vilebo, nikamwonyesha kifungo, nikamwongezea elfu kumi. Akanitazama muda, akaingiza hela kwenye kanga.

Wiki iliyopita nilipita tena. Alikuwa nazo tatu, mbili zina jina, moja haina. Zenye jina elfu ishirini. Isiyo na jina akaninyanyulia juu kama mtoto mchanga: "Hii kwako fundi ni elfu thelathini. Wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia ni ya kampuni."