Kusakafia uani kwa mawe ya asili yaliyokwishatumika badala ya zege: yanafaa?

Kwa sura na uimara, mawe haya yanalishinda zege lililochakaa. Kinachosumbua ni unene: shehena moja ina ya milimita 40 na ya 80, kwa hiyo yapangwe kwanza kwa unene ndipo fundi achanganye mota (mchanganyiko wa saruji na mchanga). Agiza asilimia 10 zaidi, maana mengine huja na lami ya zamani isiyobanduka.

Ng'oa zege lote, shindilia kokoto sentimita 10 hadi 15, laza jiwe juu ya mota iliyojaa chini ya jiwe lote (saruji 1, mchanga 4), mgongo wa jiwe ukipakwa uji wa saruji. Fundi anayeweka madonge matano tu ya mota, mkatalie: maji hutuama chini, jiwe hucheza, viungo hupasuka. Mteremko uwe sentimita 1 kwa kila 60 hadi 80.

Ni mazito pia. Mita moja ya mraba, unene milimita 50, hufika kilo 125 hivi.