Zermatt au Chamonix: Likizo ya Theluji kwa Familia Ambayo Si Wote Wanaoteleza

Kwa sisi tunaoishi Geneva, mazungumzo ya likizo ya Februari huishia kwenye majina mawili: Chamonix, iliyo ng'ambo ya mpaka upande wa Ufaransa, na Zermatt, iliyo mwisho wa bonde katika jimbo la Valais hapa Uswisi. Tumekaa kote kuwili, siku tano kila mahali, pamoja na watoto wawili waliokuwa wanaanza kujifunza kuteleza kwa skii na mama yangu mzazi aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, ambaye hakuwa na nia yoyote ya kuvaa skii. Ninaandika kwa ajili ya familia zenye mchanganyiko kama huo, kwa kuwa maelezo mengi ya sehemu hizi huandikiwa watu ambao tayari ni hodari.

Chamonix ina sifa zisizopingika. Mji uko mita 1,035 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mont Blanc, na ndipo ilipofanyika Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi mwaka 1924. Kwa basi kutoka Geneva unafika kwa muda unaozidi saa moja kidogo tu, na ukifika unakuta mji hasa, wenye maduka ya mikate na wakazi wa mwaka mzima, ambamo familia inaweza kula bila kuumia mfukoni kama inavyoumia Uswisi. Kasoro yake ni mpangilio. Les Houches, Brévent na Flégère, Grands Montets na Balme ni maeneo ya kuteleza yaliyotawanyika kando ya bonde, kila moja likiwa na lango lake, na kati ya hayo ni Brévent na Flégère tu yaliyounganishwa kwa gari la kebo. Watoto walipangiwa mafunzo Le Tour, mwisho kabisa wa bonde, ilhali sisi tulikuwa tumepanga nyumba katikati ya mji. Kila asubuhi tukawa tunasubiri basi tukiwa na buti ngumu miguuni na skii mabegani, watoto wakiwa wamekwisha kuchoka kabla ya somo kuanza.

Mama nilimpandisha kilele cha Aiguille du Midi, mita 3,842, kwa gari la kebo lililofunguliwa mwaka 1955, na hakuna mandhari niliyowahi kuiona Ulaya inayoishinda ile. Lakini anayetaka kushuka kutoka pale kwa skii hushika njia ya Vallée Blanche, takriban kilomita 20 juu ya barafuto (mto wa barafu) lenye nyufa, isiyosawazishwa kwa mashine na isiyofaa kuendewa bila kiongozi wa milima. Kwa hiyo kilele anachokifurahia asiyeteleza si mahali ambapo wanafunzi wanaweza kumfuata, na siku tatu kati ya tano mama alikula chakula cha mchana peke yake mjini, jambo lililoniuma kuliko gharama yoyote.

Zermatt ilitatua jambo hilo hasa. Reli ya Gornergrat, inayofanya kazi tangu mwaka 1898, hupanda kutoka kijijini hadi mita 3,089, na ndani ya behewa moja huketi mwenye skii na mwenye fimbo ya kutembelea. Watoto walianzia Sunnegga, ambako treni ya ndani ya mlima hukufikisha kwa dakika chache, na ambako wanaoanza wana uwanja wao wenye mkanda wa kuwapandisha polepole. Siku mbili za mwisho waliweza kushuka kwenye njia rahisi kati ya Gornergrat na Riffelberg, nasi tukapatana na mama kwamba apande treni hadi Riffelberg. Saa sita mchana tulikuwa meza moja, mlima Matterhorn ukiwa mbele yetu na watoto wakishindana kumsimulia bibi yao nani ameanguka mara nyingi zaidi.

Kijiji hakiruhusu magari ya kawaida. Gari lako unaliacha Täsch, kisha treni inakupeleka kwa dakika 12, na mitaani hupita vigari vya umeme tu. Kwa mtu mzima hiyo ni raha, ingawa barabara huwa na barafu inayoteleza mno, na ninashauri ununue vyuma vya kuvalisha chini ya viatu siku ya kwanza. Bei ni kali, hilo silifichi. Ndiyo sababu tulilala Täsch. Fahamu pia kwamba ugumu wa njia huonyeshwa kwa rangi: Ufaransa huanzia njia za kijani kwa wageni wa skii, ilhali Uswisi huanzia bluu, hivyo muulize mwalimu kabla ya kuiamini rangi.

Kilele cha Klein Matterhorn, juu ya Zermatt, kiko mita 3,883, juu kuliko kambi ya Horombo ya Kilimanjaro, mita 3,720, ambayo wapandaji wa njia ya Marangu huifikia siku ya pili. Gari la kebo hukufikisha kwa chini ya saa moja, na mwili uliozoea pwani haupati nafasi ya kujiandaa. Mama hatukumpeleka. Anayeteleza vizuri anaweza kuvukia Cervinia, Italia, bila viza nyingine kwa kuwa nchi zote tatu zimo katika eneo la Schengen, lenye viza ya pamoja, ila achunge saa ya kebo ya mwisho, kwani kurudi kwa barabara ni safari ndefu ya kuuzunguka mlima. Usipange ndege kesho yake baada ya kuondoka: Januari 2018 hatari ya maporomoko ya theluji ilifunga reli na barabara, na wageni wapatao 13,000 wakakwama kijijini.

Kwa watu wazima waliokwisha kuwa hodari, au kwa safari ya siku moja kutoka Geneva, bado ningechagua Chamonix. Sisi tumekwisha kukodi nyumba Täsch kwa Februari ijayo, na mama ameomba chumba kilicho karibu na kituo cha treni.