Kulanti gani uweke kwa gari ya zamani kabla hujapanda mlima wa Timboroa

Nimezipanga kutoka bora hadi mbaya, na nianze na namba moja kabisa, manake najua kuna mtu anasoma hii akiwa kwa duka la spea: chukua kulanti, ile dawa ya kupoza injini, ile nzito haijachanganywa, halafu uchanganye mwenyewe na maji ya betri (yale safi hayana chumvi), nusu kwa nusu. Lita moja inakuwa mbili, kwa hivyo gawanya bei kwanza kabla useme ni ghali. Injini ndogo kama 5A ya Corolla 110 inameza kama lita 5 ama 6, so lita 3 za nzito zinakutosha. Usiiweke tupu ukidhani itakuwa kali zaidi, bila maji inabeba joto vibaya. Na hakikisha umepewa maji ya betri kweli, sio asidi, chupa zingine zinafanana.

Ya pili ni ile ya tayari. Iko sawa tu, ni vile unalipia maji. Hapa watu huchanganyikiwa na rangi, kijani, nyekundu, bluu, lakini rangi haikwambii ndani kuna nini, soma lebo na kitabu cha gari. Ukimwagia aina moja juu ya ingine inaweza kuganda kama uji ndani ya rejeta, kwa hivyo ukibadilisha aina, osha kwanza mpaka maji yatoke safi.

Tatu, nzito na maji ya mvua yaliyochujwa, ya bati ambayo imeshaoshwa na mvua. Kama maji ya betri yameisha, sina ubaya nayo.

Nne, maji ya mfereji tupu. Hii ni ya kukufikisha nyumbani pekee, na ya kisima huku Nakuru ndio kabisa, yana chumvichumvi na ile floraidi inatia watu meno rangi, hedi ya injini, ile ya aluminiamu, italiwa polepole. Alafu kuna mlima. Timboroa iko zaidi ya mita 2,700, huko maji kwa sufuria yanachemka kwa digrii 91 hivi, na injini yenyewe inatembea karibu hapo hapo. Kinachozuia yasichemke ni presha ya kifuniko cha rejeta, kwa hivyo kama mpira wake umepasuka, kabla ya kulanti nunua kifuniko, chenye namba ile ile ya presha, 0.9 ama 1.1, imeandikwa juu. Mimi nilikuwa nachemsha kwa mlima wa Sachangwan kila safari, fundi mmoja akanitolea thamostati, ile vali inazuia maji mpaka injini ipate moto, akasema ni dawa, gari ikaanza kunywa mafuta asubuhi na bado ikachemsha. Kumbe ni kifuniko.

Ya mwisho kabisa, chini hata ya mfereji, ni zile chupa za maji yametiwa rangi, manake ukiwa na maji unajua una maji, hizi zinakudanganya. Dondosha tone kwa bati juani: maji ya rangi yanakauka yanaacha doa, kulanti ya ukweli inabaki na utelezi. Usionje! Ni tamu na ni sumu, kwa hivyo hata ile ya zamani ukimwaga usiiache kwa beseni hapo nje, mbwa ataimaliza, ama mtoto.