Saucony Kinvara za mtumba: miezi 8 na raba ya gramu 230

Kiukweli mi sio mtaalamu, ni mtu wa jogging za Jumamosi tu, Coco Beach mpaka daraja la Tanzanite na kurudi, na hata nusu marathoni ya Kili pale Moshi nilijitosa. Miaka yote nilikuwa nakimbilia raba moja nzito, kisigino kimenyanyuka kama nimepanda tofali, halafu nikimaliza kukimbia magoti yananigomea kushuka ngazi. Jamaa mmoja kwenye kundi letu akaniangalia nyuma akasema wewe unapiga kisigino chini kama unatwanga, tafuta kiatu chepesi chenye dropu ndogo.

Dropu ni ile tofauti ya kimo cha soli, kisiginoni ukilinganisha na mbele kwenye vidole. Raba nyingi za kawaida ni milimita 8 mpaka 12, Kinvara hizi za kampuni ya Saucony ni 4, kampuni nyingine ya Altra raba zao nyingi ni sifuri kabisa, na Wamasai na katambuga zao wako sifuri tangu enzi hizo bila kumuuliza mtu.

Sasa kuzipata ndo mtihani. Nilianza na duka moja la mjini, kijana akaniapia kabisa kaka hii dropu ndogo, nikatoa 120,000, kufika nyumbani naingia intaneti naangalia jina la ile raba, milimita 10! Kurudisha hawataki, nikamwachia mdogo wangu anaendea chuo. Tangu hapo nikajifunza: dropu mara nyingi haijaandikwa kwenye boksi wala kwenye kiatu, soma jina na namba ya toleo kwenye lebo ya ndani ya ulimi, tafuta kwenye simu hapohapo kabla hujatoa hela.

Kinvara nilizipata soko la mtumba la Karume, jamaa alianzia 80,000 tukamalizana 55,000. Kabla ya kulipa nilishika mbele na nyuma nikaikunja, ikakunjika pale vidole vinapokunjikia, sio katikati (ikikunjikia katikati kama mkate wa boflo achana nayo), nikaisokota kama nakamua nguo, ikasokotika. Kwa mtumba hapo unapata faida mbili maana gundi ikiwa imekauka utasikia kabisa inalia, au soli inaanza kuachia. Halafu nikatoa ile soli ya ndani nikaisimamia, vidole visipite nje, na mbele ibaki nafasi ya kidole gumba. Namba msiziamini sana, 43 ya kampuni hii sio 43 ya ile, we angalia sentimita kwenye lebo, na nenda jioni mguu ukiwa umeshavimba kidogo.

Nyumbani nikaipeleka kwa Mangi dukani kwenye mizani ya sukari, gramu 230 mguu mmoja. Ile ya zamani 345. Mangi kacheka.

Siku ya kwanza niliona kama nimevaa soksi, nikapaa, kilomita 10 bila kufikiri. Aisee. Kesho yake vigimbi vimekaza kama mawe, naenda chooni nimeshika ukuta, na ule mshipa wa nyuma ya kisigino unauma siku 6 nzima. Kosa langu mwenyewe, maana kisigino kikishushwa ule mshipa na vigimbi ndo vinavutika zaidi, mzigo uliokuwa unabebwa na goti umehamia huko. Nikaanza upya na kilomita 2 tu, mara 2 kwa wiki, siku zingine navaa ile nzito, naongeza kidogo kidogo, ikanichukua kama miezi 2 na nusu ndo nikaweza 10 bila kulia. Ukiwa na historia ya kuumia mshipa huo mi nisingekushauri uanzie dropu ya milimita 4, anzia 8 kwanza.

Sasa hivi goti kimya. Hatua zimekuwa fupi fupi za haraka zenyewe, bila mtu kunifundisha. Kule Moshi kupanda njia ya Mweka nilijisikia vizuri mno, kushuka ndo niliona kazi, maana lami yote unaisikia. Kwenye kokoto pia utajua hujui, soli sehemu kubwa ni povu tupu, mpira wameweka kidogo tu kupunguza uzito, vijiwe vinaingia kwenye mifereji navichokonoa na njiti.

Upande wa nje umeshalika lakini silalamiki, zilikuja zimeshatumika na mtu. Mpya ni zaidi ya dola 100, bado kusafirisha, hapana. Jumamosi baada ya jogging narudi Karume, safari hii nabeba kile kimizani cha kupimia mizigo ya ndege, yule jamaa akinicheka acha acheke.