Vitabu vya inama kwa likizo ya Desemba, uzoefu wangu

Wenye hawana taimu na wanauliza kama vitabu vya inama vinafaa kununua, nawapa jibu saa hii: vinafaa. Kama umekuwa ukijiambia mwaka mzima utasoma vitabu vya biashara na vile vya watu kujieleza maisha yao, na Njaanuary tayari imekukodolea macho, inama ya town, Nairobi, itakutosha kabisa. Ila uende ukijua kuchagua.

Kwa mgeni, inama ni wale jamaa wanatandika vitabu chini kwa gunia ama nailoni, Tom Mboya, Moi Avenue na hizo barabara za katikati, jioni ndio wanajaa. Unainama, unachagua, unalipa na M-Pesa. Desemba ndio tamu zaidi juu nusu ya mji iko ocha, kijijini, unaweza kuchutama hapo nusu saa na hakuna mtu anakupanda mgongo.

Sasa, pale kuna vitu viwili vinauzwa kama kimoja. Kuna mtumba orijino, kitabu kilisomwa Uingereza ama Marekani kikaletwa, ndani unapata jina la mwenyewe wa kwanza ama muhuri wa maktaba. Halafu kuna feki, imechapishwa hapa hapa juzi, karatasi nyembamba mpaka maandishi ya nyuma yanachungulia. Feki ndio hupangwa mbele, hasa hizo za kutajirika haraka, unaambiwa mia tano, "madam juu ni wewe leta mia nne", ukianza kutembea inakuwa mia tatu. Njia yangu ya kupima: vitabu vya maisha ya watu kwa kawaida vina picha katikati, fungua hapo moja kwa moja. Ukipata sura za watu zimekuwa madoa meusi, ama picha hazipo kabisa, rudisha. Kuna moja niliuziwa inaruka kurasa, kesho yake nikairudisha na yule kijana akanibadilishia bila maneno mengi, na hiyo kwangu ni huduma nzuri kuliko maduka kadhaa yenye risiti. Lakini niseme ukweli, feki haimpi mwandishi hata ndururu, kwa hivyo kitabu cha Mkenya mwenzetu mimi hununua dukani nikiwa na pesa, ama mtumba orijino.

Nilichosoma sasa. Nilianza na Shoe Dog ya Phil Knight, yule wa Nike, na nilitarajia majigambo. Wapi. Jamaa alianza 1964 na kampuni inaitwa Blue Ribbon Sports, anauza viatu vya Mjapani, huku bado anafanya kazi ya uhasibu na baadaye anafundisha chuo juu biashara haiwezi kumlisha. Ile alama yao tunaijua wote ilichorwa 1971 na mwanafunzi akalipwa dola 35! Lakini kitu kilinishika ni benki. Mauzo yanapanda kila mwaka na pesa mkononi hakuna, kila senti iko kwa oda inayofuata, benki inamwambia apunguze kasi, na 1975 benki yake inamtupa kabisa, anaokolewa na kampuni ya biashara ya Japani. Mtu yeyote amewahi kupata tenda kubwa akakosa pesa ya kununua mali ataelewa hiyo sehemu bila kufafanuliwa. Inaishia 1980 wakiingia soko la hisa, kwa hivyo kama unataka stori za Michael Jordan, yule wa mpira wa kikapu, hutazipata za maana.

Kisha ya Njenga Karume, Beyond Expectations, ilitoka 2009. Makaa mpaka kusambaza bia mpaka mahoteli mpaka waziri wa ulinzi. Sehemu ya makaa ni nzuri sana, unaona mtu akihesabu faida ya gunia moja moja. Ikifika siasa za GEMA, ule muungano wa Wakikuyu, Waembu na Wameru, niliisoma na chumvi kidogo, mzee anajipenda, na ni haki yake, kitabu ni chake.

Ile ilinishangaza ni Unbowed ya Wangari Maathai (2006). Muuzaji alikuwa ameiweka na za siasa, mimi naona ingekaa na za biashara. Kabla ya Green Belt, ile harakati yake ya kupanda miti ya 1977, mama alikuwa amefungua kampuni ya miche inaitwa Envirocare, akaenda na miche yake shoo ya Nairobi watu wakaisifu weee, kununua hakuna. Kampuni ikafa. Lakini wazo halikufa, alibadilisha tu nani atapanda na nani atalipa, akaenda kwa akina mama. Hizo kurasa chache zilinifundisha mambo ya kastoma kuliko vile vitabu vya hatua saba za mafanikio, ambavyo sasa nimeachana navyo kabisa, ukisoma kimoja umesoma vyote.

Pa kusomea: bustani ya Jeevanjee usijaribu, mahubiri na siasa ni kuanzia asubuhi. Arboretum, ile bustani ya miti, siku za wiki ni sawa, tumbili tu ndio wasumbufu, usiweke mandazi kando yako. Kusoma kwa simu nilishindwa, kila nikifika mahali pazuri grupu ya ofisi inalia.

Inama naipa nne kwa tano, hiyo moja nimeikata kwa sababu ya feki.

Kwa sasa natafuta Not Yet Uhuru ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ya 1967, nataka kusoma vile aliuza hisa za Lutatco, kampuni yake ya biashara, kwa watu wa kawaida. Mwenye ameiona inama yoyote na kurasa zake zote aniambie ni mtaa gani, na asiwaambie wengine bado.